Waya Uliopita Motoni

Mume wangu alikuwa mhunzi nami nilikuwa mfinyanzi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mioto miwili isiyokaribiana. Wake ulikuwa kwenye kibanda kando ya njia, wangu nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuchomea vyungu. Yeye hakuniuliza mambo ya udongo, na mimi sikuruhusiwa kusogelea kibanda chake chuma kikiwa motoni. Huo ulikuwa mwiko wa ukoo wao. Niliufuata bila taabu, maana moshi wa makaa ulinikera, na porojo za wanaume waliokuja kusubiri majembe zilinikera zaidi.

Tulikaa mlimani, upande wa Uluguru unaotazama njia ya kutoka Morogoro kwenda Mlali. Ardhi ile ilikuwa ya kwao. Kwetu Waluguru ardhi na urithi hufuata upande wa mama, na mara nyingi mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Lakini mhunzi hahamishi kiwanda kwa sababu ya mke, basi mimi ndiye niliyetoka Mkuyuni, upande wa pili wa mlima, nikaja kukaa kwao. Jirani yetu wa karibu alikuwa dada yake, wifi yangu, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Sisi wawili hatukujaliwa mtoto. Huyo wa wifi ndiye aliyekuwa amrithi mjomba wake, nyundo, fuawe na jina, na alilala kwangu mara nyingi kuliko kwa mama yake. Nilimpenda kupita kiasi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka.

Herufi nilijifunza ukubwani, baada ya Mwingereza kuingia, ndiyo maana ninaweza kuyaandika haya mwenyewe. Ninayoyaeleza ni ya mwaka wa mwisho wa Mdachi, yaani Mjerumani, pale Morogoro. Bahari ilikuwa imefungwa na meli za adui, na hakuna kilichokuwa kikiingia nchini, si kitambaa, si mafuta ya taa, si chuma. Wanaume wengi wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mume wangu aliachwa kwa sababu jumbe, mkuu wetu wa kijiji, aliwaeleza wakubwa kwamba bila mhunzi hakuna jembe, na bila jembe hakuna mahindi ya kulisha askari.

Uhaba ule, kusema kweli, ulimfaa. Majembe ya Ulaya yalipokosekana watu walimrudia. Zamani wazee wa ukoo wake waliyeyusha mchanga mweusi unaookotwa vijitoni baada ya mvua, lakini wakati wangu hakuna aliyekuwa na subira hiyo tena, walifua mabaki ya reli. Jioni, akila, alinieleza tabia za vyuma kana kwamba anasengenya majirani. Chuma cha mchanga ni kipole, alisema, kinakubali kila unachokiambia. Jembe lake likigonga jiwe linapinda, unalinyoosha, unaendelea kulima. Chuma cha kumimina, kile cha vyungu vizito vya Ulaya, hakina mjadala: kikidondoka kimepasuka. Halafu kuna feleji, ambayo ukiibana inapinda na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Hiyo aliiheshimu. Aliipata mara chache kwenye springi kuukuu za mabehewa, na alipoifua aliitia moto, kisha majini, kisha moto kidogo tena, akitazama rangi yake tu na kumfokea yeyote anayemsemesha.

Ndege tulikuwa tumeshaiona. Ilitokea upande wa kaskazini, ikauzunguka mji, ikadondosha mabomu karibu na stesheni na kurudi ilikotoka. Kijijini hatukuwa tumekubaliana tuiite nini. Wengine waliiita ndege ya Ulaya, mama mmoja aliiita shetani na hakutaka kuzungumza zaidi. Asubuhi moja ilikuja ikikohoa. Ilipita chini chini hata kuku wakajificha, ikayumba, ikaangukia vichakani ng'ambo ya Mlali.

Wanaume waliobaki waliondoka mbio, na mume wangu akiwa mbele, maana palikuwa na chuma. Alirudi jioni akiwa ameshangaa na kama aliyepunjwa.

"Ni mbao na nguo," alisema. "Chuma chake hakijai kikapu, ukiacha injini."

Alinichorea majivuni kwa kijiti. Mwili wa kitu kile ulikuwa visanduku vya mbao vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, na katika kila kisanduku nyaya zimepita kutoka pembe hadi pembe. Penye kiungo palikuwa na kibati kidogo kigumu. Magurudumu yalishikwa na bomba jembamba la feleji ambalo lilikuwa limepinda kwa kishindo bila kuvunjika, na hilo alilisifia mpaka chakula kikapoa. Mbao hazisimami kwa nguvu zake, aliniambia, zinasimama kwa sababu nyaya zinavutana. Zingekuwa za chuma cha kawaida zingelegea siku ya kwanza, na kitu kizima kingepinda angani. Nilimwuliza yule aliyekuwa ndani yake yuko wapi. Akasema wamemzika.

Habari ya mazishi yale nilielezwa na wengine. Mwalimu wa msikiti alisema kwa adabu kwamba huyu si wake, na padri alikuwa mbali, basi watu walimvingirisha kwa kitambaa cha bawa lake mwenyewe wakamchimbia papo hapo. Ikabaki shida ya mtani. Kwetu hakuna anayezikwa bila watani wa ukoo kuja kumtania na kuwachekesha wafiwa, na Mzungu huyu hakuwa na mtu. Mzigua mmoja mwuza tumbaku aliyekuwa akipita, mtani wetu sisi, akajitolea. Akasimama ukingoni mwa kaburi na kumpigia kelele: "Mgeni gani wewe unayeingilia paani? Hodi hukupiga, na sasa unataka tukulaze!" Watu wakacheka, mambo yakawa sawa. Kisha akadai haki ya mtani, akachukua kiatu kimoja. Cha pili walimnyima.

Siku ile ile doria ya askari ilifika, ikaondoa injini na magurudumu, na yaliyobaki ikayachoma moto ili adui asiyapate. Lakini nyaya zilikuwa zimeshakatwa na kuletwa kwetu. Hawakuzileta kwa ajili ya kuficha. Walizileta kwa sababu ya mwiko, na hapa ndipo mgeni wa Uluguru asipoelewa, hataelewa yaliyofuata. Katika ukoo wa mume wangu, chuma kilichokuwa na mtu aliyekufa kifo cha damu hakiingii nyumbani kabla hakijapita motoni. Hulazwa nje, kando ya njia. Siku ikichaguliwa hufunikwa kwa makaa mpaka kiwe chekundu chote, na moto huachwa ufe wenyewe. Maji hayamwagwi, maana kumwaga maji ni kumfukuza marehemu kabla hajaondoka kwa hiari yake. Baada ya hapo kila mtu angechukua fungu lake, huyu la mitego, yule la bangili, mwingine la kufungia mlango.

Nyaya zikalazwa kando ya njia kama ilivyo desturi. Nilikuwa napita hapo kila siku na udongo wangu kichwani. Waya mmoja ulikuwa umejitokeza kwenye rundo, nikaupinda kwa kidole bila kufikiri. Nilipouachia ukarudi na kutetema. Nikaupinda zaidi, nikauachia, ukarudi tena. Sikuwahi kuona chuma chembamba kikikataa kiasi kile. Mimi hukata bonge la udongo kwa waya, na ule wa shaba niliokuwa nao ulikuwa umerefuka na kukonda hata haukufaa. Nikaukunja huku na huku mahali pamoja mpaka ukakatika, nikapata kipande kirefu kama mkono, nikaenda nacho.

Nilikifunga kwenye kijiti kilichopinda, nikapata kifaa ambacho sijapata tena mfano wake. Kilipita kwenye udongo bila kuuvuta, na vitako vya vyungu vyangu vikawa bapa hata vikikaa juu ya mwamba havichezi. Nilipomaliza kazi nilikuwa nakifungua kutoka kwenye kijiti na kukichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda, mume wangu asikione. Sikuwa na hofu. Kwetu Mkuyuni hatuna mwiko huo, na nilimwonea huruma marehemu, lakini sikudhani angemfuatilia mwanamke kwa kipande cha waya.

Siku ya moto ilipofika mimi nilikaa mbali kama inavyotakiwa. Walichoma kuanzia asubuhi, na jua lilipoinama majivu yalikuwa yamepoa. Mume wangu aliokota waya mmoja, ukaning'inia pande zote za kiganja chake, mweusi na mnyonge. Aliupinda, nao ukabaki umepinda. Nilimwona kwa mbali akitikisa kichwa, na usiku alinieleza kwamba alijua hivyo ndivyo itakavyokuwa.

"Zimelala," alisema. "Mwiko ni mwiko. Kuziamsha ni kazi yangu baadaye, mmoja mmoja, Mungu akijalia."

Hakuwahi kuziamsha. Kabla ya hapo mtoto aliugua. Majira yale majeshi yalikuwa yamepiga kambi juu ya vijito, farasi na nyumbu wakifa majini, na kuhara kulishika mlima mzima. Alianza asubuhi akicheka, na kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani. Wifi alimshika upande mmoja mimi upande mwingine, tukimnywesha uji mwembamba aliokuwa akiutoa palepale. Alifia kitandani kwangu. Nililia mpaka sauti ikakauka, na mume wangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikwenda kibandani akapiga fuawe tupu mpaka mkono ukamshinda. Tulimzika, watani wakaja wakatutania, tukajaribu kucheka. Hakuna aliyemlaumu yeyote. Watoto wengi walikuwa wamekufa.

Matanga yalipokwisha, jumbe alitangaza amri kutoka boma la Wajerumani mjini: chuma chochote cha ndege iliyoanguka kipelekwe kwenye karakana ya reli. Mume wangu alizifunga nyaya zote akazipeleka siku ileile. Alirudi ametua moyo, kama mtu aliyerudisha alichoazimwa.

Pale karakana walizitaka nyaya zile kwa ajili ya springi za bunduki, zile watu wa pwani wanazoziita kamani. Walisokota ya kwanza, wakaibana, haikurudi. Wakasokota nyingine, ikawa vilevile. Waya wa namna hiyo Mdachi aliujua vizuri sana, kwa sababu ndio uliokuwa ukipita juu ya nguzo kando ya reli kuchukua habari za simu. Na mwezi uleule waya wa simu ulikuwa umekatwa upande wa Kilosa. Mtu mmoja alikuwa ameshanyongwa kwa ajili ya kosa hilo, na mwili wake uliachwa sokoni watu wauone. Wakubwa wakajumlisha wenyewe: mhunzi huyu ameficha feleji ya ndege kwa ajili ya adui, na badala yake ametuletea waya wa simu alioiba.

Askari walikuja kumchukua wakati anakula. Hakuaga, maana alidhani ni jambo la kuelezwa tu.

Kesho yake jumbe alikuja kwetu. Wifi alikuwa kwangu, tunachambua mboga. Tulimwamkia, akaitikia bila kukaa, nikajua habari si njema.

"Amewaeleza," jumbe alisema. "Amewaeleza habari ya marehemu, na ya moto, yote. Yule bwana wa karakana anasema huenda ni kweli, moto unaweza kulegeza waya. Lakini anasema maneno hayo hata mwizi angeyasema. Anataka waya mmoja tu ambao haukupita motoni, aulinganishe."

"Basi wampe," wifi alisema.

"Haupo. Ndugu yako ameapa kwamba zote zilipita, hakubakiza hata mmoja. Anajinyonga kwa ulimi wake mwenyewe, na mimi sijui la kufanya." Akafuta uso. "Kesho wanatoa hukumu."

Nilitazama juu. Waya ulikuwa pale kwenye nyasi, mweusi kwa moshi, ukionekana kwa yeyote anayejua pa kutazama. Watu niliowahi kuwasimulia hudhani nilipambana na moyo wangu. Sikupambana. Nilijua wazi kwamba nikiutoa, wifi atajua kilichokuwa juu ya mtoto wake siku zote zile alipolala kwangu. Nilijua pia kwamba mtoto alikuwa ameshakufa na mume wangu bado.

Nilisubiri wifi aende kwake, nikauchomoa, nikauviringisha ndani ya kanga. Kisha nilimfuata wifi nikamwambia ninakwenda mjini kumwombea mume wangu. Akasema huyo ni ndugu yake kabla ya kuwa mume wangu, na kwamba atakuja. Tuliteremka pamoja alfajiri iliyofuata. Njiani tulikula muhogo mmoja tukigawana, na alinishika mkono kwenye mawe ya mtoni kama alivyozoea. Ningeweza kumwambia pale. Nilitaka tuimalize njia ile tukiwa bado ndugu.

Bomani hatukucheleweshwa, kwa kuwa bwana wa karakana alikuwapo, na yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Alikuwa Mdachi mnene mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto, kama ya mume wangu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kufokafoka lakini kinaeleweka. Ofisa mwenye kutoa hukumu alikaa kando, anatazama saa yake. Mume wangu aliletwa amefungwa mikono. Aliponiona alikunja uso, akidhani nimekuja kulia.

Nilifungua kanga nikautoa waya.

"Umeupata wapi?" bwana wa karakana aliuliza.

"Kwenye rundo, bwana mkubwa. Kabla ya moto."

"Uliuiba?"

"Niliuchukua."

"Wa nini?"

"Wa kukatia udongo. Mimi ni mfinyanzi."

Ofisa alicheka puani. Mwenzake hakucheka. Aliupinda, akauachia, ukarudi na kutetema, na uso wake ukabadilika. Alitupeleka sote karakana, mfungwa na askari wake nyuma yetu. Akaiingiza ncha moja ya waya kwenye makaa, akaishika ile nyingine kwa koleo lililofungwa kitambaa chenye maji. Ilipokuwa nyekundu akaizika kwenye majivu, tukasimama kungoja ipoe. Kisha akautoa na kumwonyesha ofisa: upande huu aliupinda ukarudi, upande ule aliupinda ukabaki umekunjika. Waya mmoja ulikuwa na tabia mbili. Akatoa kipimo chake cha chuma, akaubana huo na kuubana mmoja wa zile alizoleta mume wangu. Zilikuwa na unene mmoja. Halafu akaleta kipande cha waya wa simu. Kilikuwa kinene zaidi, kwa kiasi ambacho jicho peke yake lingekipuuza.

Alimweleza ofisa kwa lugha yao, kisha akatugeukia sisi. Sidhani alikuwa na wajibu wa kutueleza, nadhani alipenda kazi yake.

"Waya huu ulivutwa ukiwa baridi," alisema. "Unapitishwa kwenye tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Ugumu wake umetoka huko kwenye kuvutwa. Ukiutia moto unapumzika. Na ukishapumzika hivyo, ugumu umekwisha."

Nilikuwa nimefanya kazi na moto miaka yote, na udongo wangu haukuwa chombo mpaka upite humo. Kwamba kuna kitu ambacho moto unakinyang'anya nguvu kulinishangaza, na niliona aibu kidogo kwamba nashangaa wakati kama ule. Mume wangu alikuwa akiutazama waya. Hakunitazama mimi. Alikuwa amepona, na alikuwa ameshaelewa kwamba siku zote ulikuwa nyumbani mwetu.

Hukumu ilikuwa fupi. Waya wa simu hakuiba, atafunguliwa. Lakini ameharibu mali ya jeshi kwa ushirikina, kwa hiyo atapata hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano ambavyo Mdachi alivigawa kama wengine wanavyogawa salamu. Sisi wanawake tulitolewa nje ya lango. Tulisikia kiboko, lakini sauti yake yeye hatukuisikia.

Tukiwa hapo nje wifi aliniuliza, bila kugeuka, "Ulikuwa umeuweka wapi?"

Ningeweza kusema kwenye shimo la vyungu. Angeniamini.

"Paani," nilisema. "Juu ya kitanda."

"Juu ya mtoto," akasema.

"Mtoto aliuawa na maji, wifi. Mlima mzima umehara."

"Maji tulikunywa sote," alisema, na baada ya hapo hakunisemesha tena, si siku ile wala nyingine yoyote.

Kikao cha ukoo kilikaa mgongo wa mume wangu ukiwa bado mbichi. Alikuwa amehamia kwa dada yake, na ni yeye aliyekuwa akimwosha vidonda. Mjomba wao mkubwa alizungumza nami kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. Alisema wanajua nimemwokoa kijana wao na hawatasahau. Alisema hawanifukuzi, wananirudisha kwetu, kwa kuwa nyumba iliyokwisha kulaza chuma cha maiti juu ya mtoto haiwezi tena kulaza mtoto mwingine, na mimi ndiye niliyekilaza. Mume wangu alisema, "Ameniokoa." Mjomba akamjibu, "Ndiyo, tumemshukuru." Wakanipa mbuzi wa shukrani. Nilishukuriwa na kuondolewa katika kikao kimoja, na kama jambo lile lisingekuwa langu ningelicheka.

Niliondoka siku ambazo Wajerumani nao walikuwa wanafungasha. Upande wa stesheni moshi mkubwa ulikuwa ukipanda, wanachoma wasichoweza kubeba. Mume wangu alinisindikiza, jambo ambalo hakuna aliyemtuma, na alijitwika mzigo wangu wa vyungu kichwani kwa kuwa mgongo haukuweza kugusa kitu. Mbuzi nilimvuta mimi. Tulipita pembeni mwa mji, tukafika mahali ambapo njia ya Mkuyuni inaanza kupanda, na hapo akasimama. Alitua vyungu kimoja kimoja, visigongane.

"Na wewe unaamini ni waya?" nilimwuliza.

Hakuwa mtu wa kujibu ili mradi amejibu.

"Watu wameniletea chuma cha maiti wao tangu nirithi nyundo," alisema. "Nimewaambia wote kwamba lazima kipite motoni. Nikikuambia wewe siamini, wao nilikuwa nawafanya nini?"

Nikaanza kupanga vyungu upya na kuvifunga kwa ukambaa, ile kamba ya kusukwa. Aliinama kunisaidia, akauma meno kwa maumivu.

"Ungenyamaza," alisema, "sasa hivi ungekuwa mjane wangu. Wangekulisha. Ungekaa pale kwenye nyumba yetu mpaka ufe, na wifi yako angekuwa anakushika mkono."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaza mambo mengi tangu siku ile ya bomani, lakini hilo sikuwa nimeliwaza.

"Nisingeitaka nyumba hiyo," nilimwambia.

"Najua."

Alininyanyulia mzigo mpaka ukakaa sawa kichwani, akauachia, akageuka. Shati lilikuwa limegandia mgongoni mwake, anatembea polepole kama mzee, akishika njia ya kwa dada yake. Nilisimama nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona, nikimwonea uchungu na hasira kwa pamoja, na nikifurahi kwamba bado anatembea. Halafu mbuzi akavuta kamba, nikaanza kupanda.